Majina Kumi kwenye Jalada

Ukitaka kujua kazi za vikundi zinavyofanyika vyuoni kwetu, usiende darasani. Nenda kwenye steshenari iliyo nje ya geti, siku ya kukusanya, muda ukiwa umekaribia kwisha. Utamkuta kijana kasimama nyuma ya mchapaji anaelekeza, "hapo shuka mstari, hapo weka nukta", huku simu yake haikomi kuingiza ujumbe: kaka niweke jina, nimetuma buku ya kuprinti, namba yangu ya usajili iko kwenye grupu tangu jana. Jalada lina majina kumi. Ndani mna akili ya mtu mmoja, na mara nyingine hata huyo mmoja kaegemea desa la mwaka juzi.

Ninafundisha takwimu za utangulizi kwa mwaka wa kwanza katika chuo cha umma Dar es Salaam. Wanafunzi wangu ni wa sayansi za jamii, na wengi wao walidhani wameagana na hesabu siku walipotoka kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Miongozo inatutaka tuwafundishe kwa ushirikishwaji, na kila mhadhiri anayejaza fomu ya tathmini anaandika kwamba anatumia vikundi. Ni kweli tunatumia. Nilichokuja kukiona, baada ya kukaa na vikundi hivyo kwa muda mrefu badala ya kusubiri karatasi zao ofisini, ni kwamba kikundi hakifuti tofauti ambazo watu wamekuja nazo. Kinazipa kazi ya kufanya.

Waangalie wanaoingia ukumbini. Yupo aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, kwenye shule za ada. Yupo aliyetoka shule ya kata, zile zilizoongezeka kwa kasi baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, ambako pengine mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa shule nzima. Yupo mama wa miaka arobaini na kitu, mtumishi wa halmashauri aliyepewa ruhusa ya masomo, kaingia kwa diploma. Vijana wanamwita mama na kumwamkia shikamoo, kisha hawamsikilizi. Yupo anayeishi bwenini na anayeishi geto kule Kimara na kuwahi daladala ya mwisho. Wote hawa unawaweka kumi kumi, unawaambia wajadili. Baada ya dakika tano utasikia sauti mbili.

Sauti hizo mbili mara nyingi si za wanaojua zaidi. Ni za wenye Kiingereza chepesi. Nimesikiliza meza moja ikikubali, kwa vichwa kutikisika, kwamba wastani na kati (median, ile namba inayokaa katikati zikipangwa kwa ukubwa) ni kitu kimoja kwa sababu aliyesema alisema bila kukwama. Binti aliyekaa pembeni alikuwa na jibu sahihi kwenye daftari lake. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema. Akajibu, "Dokta, ningeanza vipi kumkatisha?"

Lugha ndiyo kitu cha kwanza nilichokigusa, na ndicho kilicholeta maneno. Nilitangaza kwamba kwenye semina watajadili kwa Kiswahili wakitaka, wataandika kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wa chuo ni wa Kiingereza na mimi sina mamlaka ya kuubadili. Kiongozi wa darasa alinifuata ofisini, kwa adabu zote, kunikumbusha lugha ya kufundishia ni ipi. Nikamwambia ninafundisha kwa Kiingereza na wao wanafikiri kwa wanachotaka. Mwenzangu mmoja idarani aliona ninawadekeza. Lakini kuna jambo halikuwa geni kwa yeyote kati yetu: mjadala wa kweli wa kile tulichofundisha ulikuwa unafanyika kwa Kiswahili siku zote, usiku, bwenini, wakati mwalimu hayupo. Nilichofanya ni kuuleta mahali ninapoweza kuusikia na kumsahihisha mtu kabla hajalala na kosa.

Lugha peke yake, hata hivyo, haikutosha. Ilileta sauti nne badala ya mbili. Waliobaki walikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza: kazi yenyewe haikuwahitaji. Swali ambalo mtu mmoja hodari anaweza kulimaliza peke yake kwa nusu saa si kazi ya kikundi hata ukiligawia watu kumi. Wengine tisa wakikaa kimya wanafanya jambo la busara, wanampisha afanye.

Hapo ndipo nilipoazima kitu cha zamani kutoka mbali. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuchanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico, na madarasani kukawa na uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa kusaidia. Yeye na wanafunzi wake hawakuwahubiria watoto kupendana. Waliligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande ambacho wenzake hawana, na hakuna ambaye angejua somo zima bila kumsikiliza hata yule aliyemdharau. Wazo ni jepesi kulieleza na gumu kulipika, kwa sababu ugumu wote uko kwenye kukata vipande. Ukivikata vibaya, kimoja kinakuwa nyama na vingine mchuzi, na aliyepewa mchuzi anajua.

Nieleze zoezi moja, maana ndilo ninalolipenda na limenifunza zaidi ya mengine. Ni la watu wanne, karatasi nne. Ya kwanza ina idadi ya watu wa Tanzania nzima: 44,928,923 kwenye sensa ya 2012 na 61,741,120 kwenye sensa ya 2022. Ya pili ina mkoa wa Dar es Salaam, 4,364,541 na 5,383,728. Ya tatu ina mkoa wa Pwani, 1,098,668 na 2,024,947. Ya nne haina namba hata moja. Ina maelezo ya jinsi sensa inavyohesabu: mtu anaandikwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambayo mwaka 2022 ilikuwa tarehe 23 Agosti. Swali kwa kikundi ni moja. Je, Dar es Salaam inakua haraka kuliko nchi?

Kabla ya kugusa kikokotoo ninawataka kila mmoja aandike anachodhani, peke yake. Karibu wote huandika ndiyo. Nani asiyejua jinsi Dar inavyojaa, kila mtu kashawahi kukaa Ubungo saa kumi na mbili jioni. Kisha wanapiga hesabu, kila mwenye namba kwenye karatasi yake, na namba zinakataa. Nchi inakua kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Dar es Salaam, 2.1. Pwani, 6.1.

Dakika kumi zinazofuata ndizo ninazolipwa mshahara kwa ajili yake. Mmoja wa wenye namba anarudia kukokotoa akidhani kakosea. Anapata ileile. Meza inakwama. Na tangu mwanzo ninakuwa nimehakikisha kwamba hodari wa hesabu ndiye niliyempa karatasi ya nne, ile isiyo na namba, ili ajifunze kusoma maneno, na wale wanaoziogopa namba ndio wenye kuzileta mezani. Mara ya kwanza hodari hukasirika. Anaona kapewa karatasi ya watoto. Kumbe ufunguo uko kwake.

Siku moja kwenye meza ya aina hiyo alikuwepo kijana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake tangu muhula uanze. Karatasi ya Pwani ilikuwa yake. Wenzake wakibishana kuhusu fomula, akasema polepole, "Sisi wenyewe tulihama Mbagala tukajenga Vikindu. Baba bado yuko Kariakoo kila siku." Meza ikanyamaza. Yule wa karatasi ya nne akasoma tena sentensi yake kwa sauti: anahesabiwa alipolala. Basi wakaelewa wote kwa pamoja, na mimi nikiwa nimesimama tu: mji haukuacha kukua, umevuka mpaka wa mkoa. Umeshika barabara ya Kilwa kuelekea Mkuranga, ya Morogoro kuelekea Kibaha, ya Bagamoyo kuelekea Mapinga, na mchana watu wale wote wako mjini.

Nililirudia jibu lake mbele ya darasa, nikitaja alichofanya hasa: kwamba ameonyesha kizio cha takwimu, yaani mpaka wa mkoa, kinaweza kuificha habari ambayo namba zilikusudiwa kuieleza. Sikusema "vizuri sana". Sifa ya jumla haimsaidii mtu ambaye darasa limeshaamua kwamba hajui. Wenzake wanaielewa kuwa ni huruma. Sifa inayotaja kitendo inambadilishia cheo pale mezani. Wiki zilizofuata wenzake walikuwa wanamuuliza maswali. Hakugeuka kuwa msemaji mkubwa, na sikuhitaji awe. Alikuwa anaulizwa, anajibu.

Kuna kanuni ndogo nyingine ambayo imefanya kazi kubwa kuliko nilivyotegemea: kalamu. Kwenye vikundi vya mchanganyiko, katibu ni msichana. Hakuna anayempigia kura. Kalamu inamwendea tu, kwa kisingizio kwamba ana mwandiko mzuri. Anayeandika anashughulika kuwafuata wengine, na mawazo yake yanabaki mwisho wa foleni. Sasa kalamu inazunguka kila swali, na mwenye kalamu haruhusiwi kuandika wazo lake mwenyewe. Anaandika la mwenzake, na akiwa na lake lazima amfafanulie mwingine mpaka aweze kuliandika. Wavulana wengine waligundua wakati huo kwamba hawajawahi kuandika muhtasari wa kikundi maishani mwao. Mwandiko wao kweli ulikuwa mbaya.

Kisha suala la nani anajibu. Kikundi kikimaliza, ninachota karata, na atakayetajwa ndiye anayeeleza kwa niaba ya wote na alama ni ya wote. Wanaofundisha wataniambia kwamba hii inatisha, na inatisha. Kwa hiyo ina mlango wa nyuma: aliyetajwa anaweza kurudi mezani mara moja kuuliza, mbele yetu sote, kisha aendelee. Nimegundua kwamba ruhusa hiyo inabadili mazungumzo ya kabla. Wenye kujua wanaanza kuuliza, "Hebu nieleze wewe ulivyoelewa", kwa sababu hawajui karata itamwangukia nani.

Si kila mtu anafurahi. Kijana mmoja, hodari kwelikweli, aliniambia, "Dokta, mimi nimekuja kusoma, sikuja kufundisha." Nilikaa na maneno yake siku kadhaa, kwa sababu kuna haki ndani yake. Tunapenda kusema kwamba anayeeleza hujifunza mara mbili. Hujifunza pale anapoulizwa swali asilolitegemea. Akiwa anakariri tu kwa watu wanaoitikia, anapoteza saa yake. Siku hizi kila zoezi lina tawi la mwisho ambalo hata yeye halimalizi. Kwenye lile la sensa, tawi hilo linauliza ungegawaje fedha za madawati na zahanati ikiwa mchana watu wako mkoa mmoja na usiku mwingine. Hapo hodari na mama wa halmashauri wanahitajiana kweli, kwa sababu mama amekaa kwenye vikao vya bajeti na anajua fedha zinafuata nini.

Hili la swali gumu linanikumbusha mtu mwingine. Miaka ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi walikuwa wanaanguka kwenye somo la hesabu la kalkulasi. Maelezo yaliyokuwa mdomoni mwa walimu ni yale tunayoyatoa hata sisi: hawana msingi, hawana hamasa, familia zao hazijasoma. Aliwafuata wanakoishi na kuwatazama wanavyosoma. Bidii walikuwa nayo. Walikuwa wanasoma peke yao, wakati wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wanakutana, wanakaguana kazi, wanajua mwenzao kakwama wapi. Programu aliyoanzisha haikuwa ya kuwarudisha nyuma kwenye hesabu za sekondari. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani na kuwakalisha pamoja.

Nilipolisoma hilo niliachana na wazo la kuandaa "kipindi cha wanaohitaji msaada". Idara ilikuwa imelipendekeza kwa nia njema. Lakini tangazo kama hilo likibandikwa ubaoni, wanaolihitaji ndio wa kwanza kupita wakijifanya hawajaliona.

Kwenye ukumbi mkubwa mambo ni mengine. Viti vimefungwa kwa skrubu, vinaangalia mbele, watu wako mamia. Huko ninatumia njia ambayo mwanafizikia Eric Mazur alianza kuitumia Harvard mwaka 1991: swali la kuchagua, kila mtu anaamua peke yake, kisha anazungumza na jirani, kisha anaamua tena. Wao walikuja kuwa na vifaa vya kupigia kura. Kwetu kuna wanaopendekeza tupige kura kwa simu, na inawezekana, ila bado ninao wenye viswaswadu, na wenye simu janja wasio na bando wakati bumu halijaingia. Tunatumia vidole vilivyowekwa kifuani: kimoja ni A, viwili ni B. Kifuani, ili wa nyuma yako asikuigize. Hakuna gharama, na ninaliona darasa lote kwa mtazamo mmoja. Wakiwa wamepata karibu wote, ninasonga. Wakiwa wamekosa karibu wote, kuwaambia wajadiliane ni kuwaacha wapotoshane, ninafundisha upya. Majadiliano ninayaweka pale walipogawanyika.

Jambo lililonichukua muda kulikubali ni kwamba haki nyingi ziko kwenye ratiba. Kikundi kikipangiwa kazi ya kufanya "kwa wakati wao", wakati huo huwa saa tatu usiku, na mahali huwa bweni la wavulana. Aliyeko Kimara hayupo. Mwenye mtoto hayupo. Binti ambaye mlinzi hamruhusu hayupo. Kesho yake wanaitwa wavivu na kuombwa buku ya kuprinti. Kwa hiyo kazi za vikundi wanazifanyia ndani ya muda wa semina, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye karatasi, na zinabaki kwangu. Hakuna cha kuprinti. Gharama yake ni mada: siwezi kufundisha kila kilichoko kwenye muhtasari wa kozi kwa kina kilekile, na baadhi ya mada ninazipitia kwa haraka bila aibu. Wakufunzi wasaidizi nao hawatoshi, semina moja ina watu wengi kuliko ningependa. Sina dawa ya hilo.

Kuhusu kupimana wao kwa wao, nina shaka. Ukiwapa fomu ya kumpa kila mwenzako alama, wote wanapata kumi juu ya kumi. Wanalindana, na kwa nini wasilindane, wataishi pamoja miaka mitatu. Niliibadili fomu ikawa na swali moja: ni nani alikusaidia kuelewa kitu gani? Jina na kitu. Ukiandika "wote walinisaidia", ninakurudishia. Haina alama. Majibu yake yananipa ramani ya darasa ambayo kwa macho sikuiona. Jina la mama wa halmashauri lilijitokeza kwenye karatasi za vijana ambao hata kikundi chake hawakuwa, kwa sababu walikuwa wanamfuata baada ya semina.

Mwaka fulani nilipata mwanafunzi mwenye uoni hafifu. Kozi yangu imejaa grafu. Ofisi inayohusika ilimpa msomaji wa kwenye mtihani, ila kwenye semina nilikuwa mwenyewe. Tukakubaliana na kikundi chake kwamba hakuna atakayesema "kama unavyoona hapa". Kila grafu inaelezwa kwa maneno mpaka yeye aweze kuichora kwa kidole mezani, kisha wao ndio wanaomkagua. Walihangaika vibaya. Walikuwa wanasema "inapanda halafu inashuka", naye anauliza, inapanda kuanzia wapi, inashuka kwa ukali gani, mkia uko upande upi. Ndani ya wiki chache kikundi kile kilikuwa kinasoma histogramu, zile grafu za nguzo zilizoshikana, vizuri kuliko vikundi vyote vya semina ile, na ilikuwa kwa sababu ya maswali yake.

Nikalihamishia zoezi kwa wote, wakiwa wawili wawili, mmoja kaupa ubao mgongo. Sasa kila mtihani wangu wa mwisho una swali ambalo grafu haipo, yapo maelezo tu, na mwanafunzi anatakiwa kuichora. Mtahini wa nje aliuliza limetoka wapi. Nilimweleza, akaniomba nakala ya zoezi.